Mkono wa Jumatatu

Mpira wa gofu ulipaa kutoka paa la Jengo la Kahawa, ukavuka uwazi wa mita arobaini uliotandikwa wavu, ukatua kwenye nyasi za paa la pili, hatua nane tu kutoka kwenye bendera. Aliyeupiga alikuwa Bi. Aikande Mushi, mhandisi mstaafu wa barabara, mwenye miaka sabini na miwili, nyonga mbili za bandia na mikono iliyokuwa ikitetemeka hata akishika kikombe cha chai. Pigo kama lile hakukumbuka kulipiga hata alipokuwa na miaka thelathini.

"Mkoba namba arobaini na sita," ilitangaza sauti ya Jicho kutoka kwenye nguzo ya taa. "Bi. Aikande Mushi. Pigo safi."

Hapo ndipo shingo yake ilipogeuka. Hakuigeuza yeye. Iligeuka yenyewe, haraka, kupitia bega la kushoto, ikatazama kona ya paa ambako hapakuwa na kitu ila tangi la maji, kisha ikarudi mbele taratibu, kama shingo ya mtu asiye na habari. Ilikuwa mara ya tisa asubuhi ile. Bi. Aikande alikuwa amehesabu, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mtu wa kuhesabu.

"Jamani, nani anatazama nyuma akishapiga vizuri namna hii?" aliuliza kwa sauti. Tangi la maji halikumjibu.

Vazi lililomgeuza shingo liliitwa ngozi-pili. Lilikuwa jembamba, la rangi ya ugoro, na lilimshika kutoka kisogoni hadi visiginoni. Ndani yake zilipita nyuzi elfu sita zilizojikaza na kulegea kama misuli. Zamani mafundi walijaribu kuwatembeza wazee kwa hesabu, kama walivyotembeza roboti, na wazee wakawa wanaanguka kwa hesabu pia. Ngozi-pili ilikuja na wazo jingine: haikukokotoa, ilikumbuka. Ilichukua mwendo wa mvaaji mwenyewe wa siku za afya yake, uliorekodiwa na kamera za viwanjani, barabarani na kazini, ikaurudisha mwilini mshipa kwa mshipa. Ghala la kumbukumbu hizo liliitwa Hazina ya Mienendo, nalo lilisimamiwa na akili unde isiyolala. Mzee mwenye kumbukumbu Hazinani alivalishwa na bima ya taifa bila maswali. Asiye nazo hakuvalishwa, kwa kuwa hapakuwa na cha kumrudishia.

Kumbukumbu za Bi. Aikande zilitoka uwanja wa gofu. Klabu yao ya zamani, ilipokuwa bado chini, kwenye ardhi, kabla ardhi haijagawiwa makazi na uwanja kupandishwa juu ya mapaa ya jiji la Arusha, iliweka kamera thelathini zilizoitwa kwa pamoja Jicho. Jicho lilimfuata kila mchezaji kwa kinasa kidogo, likapima kila hatua na kila pigo. Lilimrekodi Bi. Aikande miaka miwili mizima. Kisha akaacha gofu, na kuacha kwenyewe kulikuwa na uchungu wake.

Katika gofu kila mchezaji ana handikapu, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa ili mnyonge aweze kushindana na hodari. Namba ikiwa ndogo, mchezaji anahesabiwa kuwa bora. Bi. Aikande alianza na kumi na tisa, namba ya mtu anayependa mchezo kuliko mchezo unavyompenda yeye. Jicho lilipoanza kupanga namba lenyewe, yake ikaanza kushuka: kumi na sita, kumi na mbili, tisa. Watu walimpongeza varandani. Lakini kila Jumamosi ya mashindano aliaibika, kwa maana alipunguziwa mapigo tisa na mikono yake ilihitaji kumi na tisa. Akawa wa mwisho, akawa wa mwisho tena.

"Namba haidanganyi," alikuwa akiwaambia wahandisi wachanga ofisini, na kwa kuwa aliyaamini maneno yake, hakuishuku namba. Alijishuku yeye. Alisema moyoni kwamba uwezo anao, ila akitazamwa na watu roho inamtoka. Ilifika mahali akawa anatapika kabla ya mashindano. Alipotimiza miaka thelathini na minne aliuacha mkoba wake klabuni na hakurudi kuuchukua.

Sasa, miaka thelathini na minane baadaye, alikuwa amerudi kwa sababu moja. Alitaka kujua, kabla hajafa, kama kweli alikuwa mchezaji wa tisa. Na ngozi-pili ilikuwa ikimjibu kila siku: ndiyo, ulikuwa. Kwa nini basi jibu halikumfurahisha? Alilala na swali hilo na kuamka nalo.

Shingo haikuwa peke yake katika vituko. Kabla ya kila pigo, mkono wake wa kulia ulipanda mdomoni, ukafunguka kiganja kama unaosubiri mate, kisha ukajifuta kwenye tako. Bi. Aikande alilelewa na mama mwalimu wa sayansi kimu. Hajawahi kutema mate mbele ya watu, seuze kujifuta huko. Akitembea, mwili ulielemea kushoto, na kidole gumba cha kulia kilijipachika karibu na kwapa kama kinachoshikilia kitu. Alidhani ni hitilafu. Alimweleza fundi, fundi akasema subiri, mwili unazoeana na vazi.

Siku ya kumi na saba kati ya ishirini na moja za majaribio ya vazi, mpira wake ulianguka kwenye shimo la mchanga juu ya paa la nne. Aliutoa kwa pigo moja tamu. Shingo ikageuka, ikarudi. Halafu mwili ukafanya jambo jipya. Uliinama, ukaanza kurudi nyuma kinyumenyume huku mikono miwili ikivuta hewa, mkupuo baada ya mkupuo, kwa utaratibu na kwa subira, mpaka ukatoka mchangani.

Bi. Aikande alisimama akitazama mikono yake. Ilikuwa inavuta reki isiyokuwepo. Ilikuwa inafuta nyayo.

Katika maisha yake hajawahi kufuta nyayo zake mchangani. Hakuna mwanachama aliyewahi. Kazi hiyo ilikuwa ya kedi, mbeba mkoba. Na kedi ndiye aliyetembea ameelemea kushoto, kwa kuwa mkoba ulining'inia bega la kulia, na gumba likashika mkanda.

"Naishiye," alisema, na jina lenyewe lilimshtua, kwa maana hakuwa amelitamka kwa miaka thelathini na minane.

Naishiye Mollel alikuwa kedi wake. Mwanamke mrefu kama yeye, mwembamba kama yeye; wahudumu wa baa walikuwa wakiwatania kwamba ukiwaona kwa nyuma hujui nani tajiri. Na uwanja ulikuwa na desturi moja kongwe kuliko paa la klabu. Jumatatu haukuchezwa na wanachama. Ilikuwa siku ya makedi. Jumapili jioni kedi alibaki na mkoba wa mchezaji wake ili aoshe fimbo, na Jumatatu alfajiri, kabla ya kuziosha, alicheza nazo. Hakuna aliyeruhusu, hakuna aliyekataza. Ila meneja akitokea getini, wote walikuwa wanaosha fimbo.

Na kinasa cha Jicho, Bi. Aikande alikumbuka sasa, hakikufungwa kwa mtu. Kilifungwa kwenye mkoba.

* * *

Chumba cha kungojea cha fundi mwendo kilikuwa na wazee wengine watatu wa klabu ya zamani, wote ndani ya ngozi-pili. Mmoja alikuwa jaji, mmoja daktari wa meno, mmoja aliwahi kuwa na mabasi. Jaji aliinuka kumsalimia. Alimjia ameelemea kushoto, gumba likiwa kwapani. Daktari wa meno naye aliinuka, naye hivyo hivyo. Bi. Aikande aliwapa mkono kila mmoja, na hakujua acheke au akimbie.

Fundi Rukia Mbaruku alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alimkaribisha ndani, akafunga mlango.

"Shikamoo, mama. Umekuja mapema, siku ya kushona si Ijumaa?"

"Marahaba. Kabla hujashona, nieleze. Hawa wenzangu hapo nje, kwa nini wote wanainama upande mmoja?"

Rukia alicheka. "Hata sisi tulijiuliza. Tunauita mwinamo wa wenye nafasi zao. Kijana mmoja wa utafiti aliandika kwamba unasababishwa na kuendesha magari ya zamani."

"Unasababishwa na kubeba mkoba," alisema Bi. Aikande.

Alimweleza yote: Jumatatu, kinasa, mate, reki. Rukia alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, akaingia Hazinani. Alipogeuka alikuwa na uso wa mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la vyombo.

"Mama, mkoba arobaini na sita una mikono miwili tofauti. Mmoja wa Jumamosi, mmoja wa Jumatatu."

"Na mimi umenivalisha wa Jumatatu."

"Akili unde iliagizwa itafute ubora wa kila mtu. Ilipoona mikono miwili kwa jina moja, ikachukua mzuri kuwa ndiyo wewe. Ule mwingine iliuandika kuwa kelele, kama vile kamera ilikuwa na vumbi. Na Hazina ilipohamishiwa mapaani, kelele zilifutwa kuokoa nafasi."

"Kwa hiyo mimi ndiye kelele."

"Sikusema hivyo, mama."

"Imesema mashine. Haya, kimebaki nini changu?"

Rukia alihesabu. "Mapigo mia mbili na kumi na moja, yote ya kwenye grini, pale penye nyasi fupi karibu na shimo. Pale mlifanana, ikashindwa kuwatenga mpaka sasa nilipoitazama mwenyewe. Hayo yanatosha kutuliza mikono. Miguu, mgongo, nyonga, hakuna."

Bi. Aikande alijua maana yake. Kabla ya ngozi-pili alitembea kwa kigari cha kuegemea, kutoka kitandani hadi dirishani, na roboti ya nyumbani ilimwogesha kwa mikono yake ya mpira iliyonukia dawa. Sheria nayo haikuwa na mlango wa pembeni. Mwili mmoja, mwendo mmoja. Ilitungwa baada ya mwaka ule wa aibu ambapo nusu ya jiji ilitembea kama mcheza filamu mmoja, kwa sababu mwendo wake uliibwa na kusambazwa. Tangu hapo, siku ya ishirini na moja fundi alishona: mwendo uliingizwa kwenye mishipa ya mvaaji na kuondolewa Hazinani. Ukishonwa kwa mmoja, mwingine hana tena.

Rukia aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Mama, karatasi zinasema ni wewe. Mimi leo sijasikia kitu. Nikishona Ijumaa, maisha yako yote unatembea. Na huyo Naishiye huenda alishafariki."

"Huenda," alisema Bi. Aikande.

Alitoka akapanda juu, akacheza. Na kesho yake akacheza tena. Hapa nisimpambe: alikuwa anajua, na alicheza, na alifurahia kama mtu anayekula chakula cha wageni jikoni. Alipiga mipira iliyoimba. Kilichomvuruga ni kwamba furaha ile aliihisi kifuani mwake, na kifua kilikuwa chake, hakikuwa na uzi hata mmoja. Mkono si wangu, furaha ni ya nani? Alijaribu kulipanga swali hilo kama alivyopanga madaraja, mzigo huku na nguzo kule, likamwangukia. Usiku hakulala. Asubuhi ya Alhamisi alipanda gari la waya kwenda Ngaramtoni, alikotoka Naishiye.

* * *

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa na ua mrefu mwembamba. Mwanamke wa kama miaka hamsini alikuwa anaanika nguo upande wa pili, jua likimpiga usoni. Alimwona Bi. Aikande akiingia, lakini hakuona sura. Aliona umbo na hatua. Nguo ilimdondoka.

"Mama?" aliita.

Kisha akageuka nyuma, akatazama barazani, ambako mama yake alikuwa amekaa kitini kama alivyokaa miaka mitatu. Akatazama tena mbele. Alikuwa amechanganyikiwa kama mtu aliyeona saa ya ukutani ikirudi nyuma.

Aliyekaa kitini alijikinga jua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Bega lake lilikuwa limekufa ganzi zamani, na magoti yalikuwa yamevimba chini ya kanga. Hakuutazama uso wa mgeni. Aliitazama miguu yake, hatua baada ya hatua, mpaka ikasimama.

"Nembris, mletee mgeni kiti," alisema. Halafu akasema, "Injinia, huo mwendo umeutoa wapi?"

"Naishiye. Wewe ndiye wa kuniambia."

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, magoti ndiyo yenye jambo." Alicheka kidogo. "Nimekukimbia miaka mingi sana, Injinia. Uliponikamata nilitamani ungenitukana tu, yakaisha. Kuacha gofu kwa hasira! Nikabaki sina mkoba, na hao wengine wana makedi wao. Nilikaa getini mwezi mzima, nikarudi nyumbani."

"Nilikukamata na nini?"

"Si zile Jumatatu?"

Bi. Aikande alikaa kwenye kiti kilicholetwa. "Mimi sikuwahi kuwaza kwamba Jumatatu ulicheza kwa fimbo zangu, mpaka wiki hii."

Wanawake wawili walitazamana. Mmoja alidhani kwa miaka thelathini na minane kwamba alisababisha hasira. Mwingine alidhani kwa miaka hiyo hiyo kwamba alikuwa mwoga. Bi. Aikande alieleza habari za kinasa na mkoba na namba iliyoshuka. Naishiye alisikiliza mdomo wazi.

"Ngoja," alisema. "Ile tisa. Ile tisa iliyokuwa inakuua kila Jumamosi, mpaka nikawa nakushikia kitambaa ukitapika nyuma ya choo. Ilikuwa yangu?"

"Ilikuwa yako."

"Mimi ni tisa?"

"Wewe ni tisa. Fundi wangu Rukia anasema ungeendelea ungefika tano."

Naishiye alicheka mpaka akakohoa, Nembris akaja kumpigapiga mgongoni. Kicheko kilikuja kugeuka kilio bila mtu kujua kiligeukia wapi. "Hakuna aliyewahi kunihesabia," alisema. "Tulikuwa tunacheza haraka haraka, macho getini. Namba nilikuwa sina. Mimi tisa! Nembris, umesikia? Mama yako tisa."

"Na shingo?" Bi. Aikande aliuliza. "Ukishapiga unatazama nini?"

"Geti. Meneja alikuwa na viatu vya mpira, husikii akija."

Kisha Bi. Aikande akasema lile lililomleta, na alilisema vibaya, bila mpangilio, akirudia maneno. Kwamba kumbukumbu ya mwili wa Naishiye iko Hazinani kwa jina lisilo lake. Kwamba hana nyingine popote. Kwamba kesho itashonwa kwa mmoja. Hakusema kwa nani. Hakujua bado.

Naishiye alitazama magoti yake. "Gofu mimi siitaki tena," alisema hatimaye, polepole. "Nitapiga mpira wa nini na umri huu? Nataka kitu kimoja, nitakwambia kweli kwa kuwa umekuja. Nataka kwenda chooni bila kumwita mtu."

Bi. Aikande alifahamu kabisa uzito wa maneno hayo. Mmoja wao angeita mtu kuanzia Jumamosi mpaka kufa. Aliaga bila kuahidi chochote. Alipokuwa akitoka uani, alihisi kwa nyuma macho mawili yakiifuata miguu yake, kama mtu anayemsindikiza ndugu kwa macho.

* * *

Ijumaa saa nne Fundi Rukia alimlaza kwenye kitanda cha kushonea. Mashine ilishuka juu yake na sindano zake elfu sita, kila moja nyembamba kuliko unywele. Kwa sheria, fundi aliuliza swali moja na jibu lilirekodiwa.

"Jina la mwenye mwendo?"

Bi. Aikande alikuwa amekuja na jibu. Alikuwa amelifanyia mazoezi kwenye gari la waya, na lilikuwa jina lake mwenyewe. Alijihesabia haki zake zote: umri, jasho, kodi, karatasi. Alifungua mdomo.

"Naishiye Mollel," mdomo ulisema.

Rukia alimtazama. "Una hakika, mama?"

"Hapana," alisema Bi. Aikande akilia, hasira na huzuni vikiwa kitu kimoja. "Sina hakika hata kidogo. Nivue kabla sijabadilika."

Mpaka leo hajui kama alikuwa yeye aliyejibu, au ni vazi lililomzoeza wiki tatu kuwa mtu mwingine. Amemuuliza Rukia. Rukia anasema ngozi-pili haifiki kwenye ulimi. Jibu hilo linamsaidia siku nyingine, na siku nyingine halimsaidii.

* * *

Miezi miwili ilipita kabla Naishiye hajakubali kupanda mapaani, na alikubali kwa sharti kwamba iwe Jumatatu. Siku hizi uwanja haufungwi siku yoyote, lakini Jumatatu hauna watu wengi. Alikuja kwa miguu yake kutoka kituo cha gari la waya, ameelemea kushoto, gumba kwapani. Bi. Aikande alimngojea kwa kigari chake cha kuegemea, akiwa na glavu mbili za ngozi-pili zilizoishia viwikoni. Hizo ndizo zilizopatikana kutoka kwa yale mapigo mia mbili na kumi na moja. Walikuwa wamekubaliana: mkoba mmoja, kadi moja ya mapigo. Naishiye angepiga kote, na wakifika kwenye grini Bi. Aikande angemalizia.

Naishiye alishika fimbo. Kiganja kilipanda mdomoni, na safari hii mate yalikuwepo. Alijifuta pale pale pa zamani. Akapiga.

Mpira uliondoka na ule mlio ambao Bi. Aikande alikuwa ameusikia kwa wiki tatu kutoka ndani, na sasa aliusikia kutoka nje. Ulimuuma. Wivu ulimpanda kooni kama kichefuchefu cha zamani, na aliuacha upite.

"Mkoba namba arobaini na sita," lilisema Jicho. "Bi. Aikande Mushi. Pigo safi."

"Si mimi!" alipiga kelele kuelekea nguzoni. "Huyo ni Naishiye Mollel. Handikapu tisa. Andika!"

"Naishiye Mollel," lilirudia Jicho. "Tisa."

Naishiye alitembea kuvuka daraja la paa la pili akiwa ameshika mdomo.

Kwenye grini Bi. Aikande aliegemea kigari, glavu zikatuliza mikono, akausukuma mpira. Ulipita kushoto kwa shimo kwa upana wa kiganja. Lilikuwa kosa lake la siku zote, la kushoto, la Jumamosi.

"Pigo halilingani na kumbukumbu," lilisema Jicho. "Mchezaji hajulikani."

Bi. Aikande aliangua kicheko. Kelele, alijiambia, ndiyo mimi huyo. Lilikuwa pigo baya na alilijua kila kona, kama mtu anavyoijua sauti yake akijisikia anakohoa gizani.

Kwenye paa la pili Naishiye alijipanga tena, akapiga, na shingo ikageuka kwa kasi kupitia bega la kushoto. Aliirudisha kwa aibu.

"Hii shingo hainisikii, Injinia. Nimemwambia Rukia aitoe, anasema imeshonwa pamoja na mkono. Haitoki."

"Unaona nini ukigeuka?"

"Hakuna kitu. Lakini moyo unaruka, kila mara."

Walipofika paa la tatu Bi. Aikande hakwenda mbele kumngojea kwenye grini kama walivyopanga. Aligeuza kigari chake. Ilimchukua muda mrefu, hatua fupi fupi, pumzi ikimkatika, magurudumu yakikwama kwenye nyasi, mpaka akafika nyuma ya bega la kushoto la Naishiye, pale ambapo geti lingekuwa. Alifunga breki za kigari, akashika vyuma kwa mikono yote miwili.

"Piga," alisema. "Mwenye mkoba yuko hapa."

Naishiye alitema mate kiganjani, akajifuta, akapiga. Mpira ulipaa. Shingo ikageuka.